Tairi Linalosugua Madigadi

Baba Niko,

Asubuhi hii uliona kila kitu dirishani, ukafunga pazia. Ndivyo ulivyonyamaza 2011, kaka yangu alipoondoka na lori la breki mbovu. Tulimzika kule kijijini Ronge. Mimi sisahau.

Niko ameshusha gari kwa springi fupi na rimu kubwa. Ati amelijaribu. Wapi? Hapa Voi, barabara tambarare, akiwa peke yake! Leo nimemlazimisha apakie majirani watano. Alipokata kona langoni, tairi lilisugua madigadi hadi likanuka mpira. Naye anacheka: "Mathe, litazoea." Saa nne anapandisha nyanyake na shangazi zake mlimani Wusi, kwenye zile kona, kupeleka mahari ya mchumba wake Abby!

Nimeenda kwa fundi kudai springi za zamani. Chai iko kwenye thamosi.

~~Niko akirudi kutoka kwa kinyozi, mwambie funguo zimepotea.~~ Hapana, ana zingine. Mwambie ukweli: mama yake anaogopa.

Pampu nimebeba. Toka nje sasa hivi, utoe upepo kwenye magurudumu yote manne ya gari lake. Chai utakunywa baadaye.

Mama Niko