Maji Kupwa Ziwani

Jumanne, Januari

Na bado sijui nilikuwa nikizungumzia maji gani.

Akinyi, binti wa marehemu kaka yangu, alinipigia simu kutoka kisiwa cha Mfangano, kwetu ziwani, nikiwa nimeketi barazani, hapa Mji wa Kale, pwani. Alisema joto limelala juu ya ziwa, upepo hakuna, na nyavu anazotega chini kabisa zinarudi tupu. Akikosa tena kesho, itambidi auze injini ya mashua.

Nilimjibu upesi, kama mjuzi. "Wakati wa joto maji ya chini hayana hewa, samaki hawakai huko. Ongeza maboya, nyavu zielee katikati. Halafu ngoja maji yapwe, ndipo utege."

Kisha akaangua kicheko.

"Baba mdogo, yapwe yaende wapi? Ziwa letu halipwi! Watu wa pwani wamekumeza mzima."

Nami nilicheka. Lakini hayo ya maboya, je? Hayo niliyatoa wapi? Akinyi ameyaamini, na alfajiri atatega kwa neno langu.

Nilikuwa na hakika ni baba aliyenifundisha, kule ziwani. Namwona wazi: amesimama kwenye mtumbwi, anafunga maboya, jua limemkaa utosini, ananiambia samaki wamepanda.

Tangu magharibi nimeirudia picha hiyo, nikitafuta ukingo wa ziwa nyuma yake. Siuoni. Ninachokiona kila mara ni baba akipangusa chumvi midomoni.

Ziwa letu halina chumvi.