Ardhi Yetu Sote, Hati Yangu Mwenyewe

Jumanne, saa nne asubuhi. Jua limeshaanza kuchoma mabati na mimi sijafunua cherehani. Mnaopita kwenye ukurasa huu kutafuta mishono ya vitenge mtanisamehe, leo hakuna mshono. Nimekaa jikoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, naandika kwa simu, na nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Nitaandika yote. Nisipoandika leo nitajidanganya, najijua.

Sisi tulivunjiwa Mtoni. Nyumba zetu zilipisha ujenzi, tukatawanyika kila mtu na godoro lake kichwani. Ishirini na wawili kati yetu tukaunda ushirika na kununua shamba moja huku ndani, mbele ya Gongo la Mboto, mahali ambapo wakati ule hata bodaboda waliguna ukiwatajia. Tukakubaliana kitu ambacho ndugu zetu walitucheka nacho: ardhi itakuwa ya wote, siku zote. Nyumba utakaa wewe, watakaa watoto wako na wajukuu wako, lakini huuzi. Ukitaka kuondoka unarudishiwa ulichochangia, na anaingia mwingine wa hali kama yetu, kwa bei ileile nafuu. Kwa hiyo pasingekuwa na tajiri wa kuja kutuhamisha tena, maana pasingekuwa na wa kumuuzia.

Kila Jumamosi tulifyatua matofali. Nyumba ikishaezekwa, majina yaliingizwa kwenye kofia ya Baba Shafii, muuza samaki, na moja likachomolewa. Ulijenga bila kujua unamjengea nani. Ndiyo maana hakuna aliyelipua kazi. Nimeona watu wakibomoa ukuta kwa sababu umepinda kidogo tu, na wote wanawaza jambo moja, kwamba huenda huu ukawa wangu.

Nyumba tisa zimesimama. Ya nne lilitoka jina langu, nikalia mbele za watu bila haya.

Bibi Mwanahamisi jina lake halijatoka. Ndiye mkubwa wetu, sote tunamwamkia shikamoo, na bado amepanga chumba kimoja Mtoni. Kazi yake ni kuchekecha mchanga. Anakaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, na kokoto haipiti mbele yake. Mchanga wote wa kuta hizi zinazonizunguka ulipita mikononi mwake. Kila nyumba ikitoka kwa mwingine anapiga kigelegele yeye wa kwanza, kisha anauliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi.

Sasa niseme kosa, na kosa lilianzia kwangu mimi katibu.

Mama yangu alikuwa na nyumba Mtoni, vyumba vinne na ukumbi. Siku waliyokuja kuhesabu nyumba za kulipwa fidia, alikuwa Kisarawe kwenye msiba wa dada yake. Jirani akasema mwenye nyumba hayupo. Hawakuandika jina. Mama alikwenda ofisi hii na ile mpaka viatu vikaisha, kila anakofika anaambiwa hayumo kwenye orodha. Alifariki akiwa kwenye chumba cha kupanga, na hadi mwisho alikuwa anarudia, laiti ningekuwepo. Kila mmoja katika ushirika wetu ana hadithi ya namna hiyo. Kama si mama, ni baba, au ni yeye mwenyewe.

Basi wapimaji walipokuja kupima shamba, hakuna aliyekosa. Watu waliomba ruhusa makazini, wengine walikuja na vitambulisho vimefungwa kwenye nailoni. Waliokwisha kupata nyumba walisimama milangoni. Ambao hawajapata walijigawia vipande asubuhi ileile, kila mtu akasimama katikati ya majani ameshika kijiti chake kama askari wa zamu. Hakuna aliyetaka kukumbukwa kama yule ambaye hakuwepo.

Mpimaji mmoja akaniuliza hati zitoke kwa jina la nani.

Jibu lilikuwa neno moja. Ushirika. Nilikuwa na katiba yetu mkobani, nimeipiga chapa mwenyewe, na imeandikwa humo. Lakini akilini nikamuona mama akirudi kutoka Kisarawe na kanga za msiba. Nikafungua daftari la wanachama na kuanza kusoma majina, moja moja, kwa sauti ya juu. Kila aliyetajwa aliinua mkono. Tulipomaliza tukapiga makofi. Sikuona kosa hata dogo, niliona nimewatendea haki.

Hati zikatoka ishirini na mbili. Za watu ishirini na wawili, kila mtu na kiwanja chake, na kila mtu huru kuuza kwa amtakaye. Watu wakapiga picha nazo. Hata mimi nilipiga.

Halafu barabara ya lami ikaanza kuja upande wetu, na madalali wakatangulia kabla ya lami. Ndipo nilipokimbilia ofisi ya ardhi. Dada mmoja pale alinisikiliza kwa upole akasema inawezekana kurudi kwenye hati moja ya ushirika, ila wote ishirini na wawili warudishe hati zao na kusaini fomu, na iwe kabla hajauza hata mmoja. Akinunua mtu wa nje basi, habari imekwisha, kwa sababu huyo hakuapa chochote na sisi.

Kwa hiyo Jumapili tuliitana. Mikeka uwanjani, meza yangu ya kukatia vitambaa ndiyo ikawa meza ya mkutano.

Tuliyemhofia ni Mama Upendo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Iringa, fundi mzuri wa kupanga matofali kuliko wanaume wetu wote. Mume wake figo zimegoma, anapelekwa hospitali kila wiki kusafishwa damu, na dalali alishamletea mteja. Hakuna ambaye angemlaumu. Akawa wa kwanza kusimama. Akaweka hati yake mezani, akasema, "Haya, mie hii hapa. Chukueni upesi kabla sijageuza moyo."

Watu wakashangilia. Baba Shafii akaweka yake, na wengine wakafuata. Bibi Mwanahamisi aliifungua yake kutoka kwenye pindo la kanga, bado ina joto la mwili wake, akaiweka juu ya zote na kuisawazisha kwa kiganja. Kisha wote wakanitazama mimi.

Yangu ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa mapajani pangu.

Nikasema nimeisahau nyumbani.

Mtu mmoja akacheka, "Katibu nawe! Nyumbani si hapo tu nyuma yako?" Nikasema kabati limefungwa na binti yangu kaondoka na ufunguo. Uongo ulitoka laini kabisa, sikuwa hata nimeutafuta.

Nimejiuliza siku mbili kwa nini. Sikutaka kuuza. Naapa sikuwa na dalali wala mteja, wala sijawahi kuwaza kuhama hapa. Nilitaka tu iendelee kuwa na jina langu. Ukoo wetu mzima haujawahi kuandikwa kwenye karatasi ya serikali yenye muhuri, mimi ndiye wa kwanza, na nilijiambia nikae nayo siku moja zaidi, nitaipeleka ya mwisho kabisa, nani atadhurika? Ni upumbavu, lakini ndiyo sababu yenyewe. Natamani ningekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuwaambia watu.

Baba Shafii hakugomba. Alinyoosha mkono taratibu akachukua hati yake mezani. "Siku utakayoleta yako, katibu, na mie nitakuwepo," akasema. Baada yake sikuweza kuhesabu mikono. Mezani ikabaki hati moja tu kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Mama Upendo alikuwa wa mwisho kuchukua, na alinitazama kwanza, akautazama na mkoba. Nadhani alijua.

Bibi Mwanahamisi peke yake hakuchukua. "Kaa nayo wewe mwanangu," aliniambia. "Mie narudi mbali, nitaipoteza njiani. Jumanne si ndiyo siku ya kupeleka?"

Nikasema ndiyo, Bibi.

Jana Jumatatu niliamka nimeshaamua. Nilitoka na hati yangu mkononi, sasa hivi naifichia nini, nikagonga kwa Mama Upendo ili tuanze yeye na mimi, kisha tuwapitie wengine nyumba kwa nyumba. Nikamkuta amevaa gauni la kanisani. Mume wake amekaa kitandani, uso umevimba. Nikamuonyesha hati. Nikamwambia nimekosa, nisamehe, hii hapa.

Hakunikasirikia. Afadhali angenitukana.

"Jana nilikuwa na moyo huo," alisema. "Leo sina. Wananisubiri ofisi ya mtaa."

Mnajua jinsi viwanja vinavyouzwa huku kwetu. Kunakuwa na mwenyekiti wa mtaa, kuna mjumbe, na lazima awepo jirani wa kushuhudia kwamba mpaka ni ule na mwenye mali ni huyu. Mama Upendo akiwa mlangoni akanigeukia. Jirani wa upande wa pili kaenda kazini, akasema. Kwa hiyo ningeweza kwenda naye?

Ningeweza kukataa. Nilimtazama mume wake, nikakosa mdomo wa kukatalia. Tukatembea mpaka ofisi ya mtaa, mimi na yeye, kama tunavyokwenda sokoni siku zote. Mnunuzi alikuwa kijana mstaarabu, ana shati la mikono mirefu, akaniamkia vizuri na kuniambia atajenga ghorofa la wapangaji. Mwenyekiti akaandika, akagonga muhuri, akanisogezea karatasi. Shahidi, jirani wa upande wa mashariki.

Nikasaini.

Jioni madalali wawili walikuwa wanazunguka na Baba Shafii kwenye kipande chake. Sikutoka nje kuwasalimia. Hao wengine sidhani kama watangoja muda mrefu, na siwezi kuwalaumu, maana hakuna tena cha kulinda pamoja. Hao kumi na watatu ambao hawajajengewa wana viwanja vya majani tupu, na Jumamosi sioni nani atakuja kumfyatulia mwenzake tofali. Mtu anayejenga mwenyewe kwa kibarua chake anajenga baada ya miaka mingapi? Bibi ana miaka mingapi ya kungoja?

Nimeandika hadi hapa nimetulia kidogo, lakini bado sijaandika kwa nini nimekaa jikoni na si sebuleni kwangu.

Bibi Mwanahamisi yuko sebuleni.

Amefika saa mbili. Ametoka Mtoni alfajiri, kabadili magari mawili, kavaa kanga mpya. Simu yake ni mbovu, hakuna aliyempa habari ya jana. Ameleta nakala ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti, kwa sababu nilipozisoma zile fomu kwenye mkutano zilidai picha, na ni yeye peke yake aliyenisikiliza. Picha amepiga jana. Amepaka wanja. Amenionyesha mara mbili, ananiuliza kama ametoka vizuri, nami nimemwambia ametoka kama bibi harusi.

Nimempa chai na mihogo nikasema naja, naandaa makaratasi. Hiyo ni zaidi ya saa nzima sasa. Ninasikia kijiko chake kikikoroga, halafu kimenyamaza. Ninamsikia anapukuta makombo kwenye kanga, anasimama, anavaa kandambili zake.

Sina hata sentensi ya kwanza. Nimejaribu kuziandika hapa, nimezifuta zote.

"We mwanangu!" anaita. "Tutakuta foleni!"

Nimesikia. Sijaitika bado.