Lori la Damari Limechemsha

Jumanne, 1 Julai 2025

Samahani, daftari. Mara ya mwisho nakuandikia Philbert alikuwa tumboni. Sasa anang'ata. Sikuwa nimekusahau — mikono haikutosha. Mmoja una mtoto, mwingine una sufuria. Leo kalala mapema. Naandika kabla hajabadilisha mawazo.

Kwa kifupi. Mwezi wa tano tulienda Madibira kwenye mavuno, kwa ndugu za mama mkwe. Binti yangu Damari akapanda juu ya magunia kwenye tela la pawatila, kile kitrekta cha mkono. Likayumba, akaanguka. Paja likavunjika. Hospitali wakamfunga, mfupa ukakaa upande, wakamfunga tena. Plasta imeanzia kiunoni mpaka kwenye unyayo, mpaka mwezi wa nane. Ana miaka saba na analala mkekani kutwa kama mzee wa ugonjwa.

Baba yake yuko barabarani na lori, Dar kwenda Tunduma. Shedrack ni mtu wa kutuma vitu. Safari hii katuma kilori cha kuchezea, cha umeme, kinaendeshwa kwa rimoti. Kikubwa, si vile vya mnadani. Kimetoka kwa mdogo wake Anord kule Mbeya, ana banda la vifaa vya simu na anapenda hivi vitu kuliko kula. Damari anakiendesha akiwa amelala. Kinaleta kikombe. Kinapeleka nepi chafu mlangoni! Siwezi kusema hakinisaidii.

Ila kinachemsha. Kikitembea kidogo kinanuka waya, kinaishiwa nguvu, kinasimama. Damari anakipuliza kwa mdomo kama uji.

Jumapili, 6 Julai

Tumetoka kanisani. Si vizuri.

Mama mkwe alimbeba Damari mgongoni kwa kitenge, mguu wa plasta umetokeza pembeni kama mpini wa jembe. Kwetu sadaka kila mtu anaipeleka mwenyewe mbele, kwa mstari, kwaya ikiimba. Mama akaingia kwenye mstari naye yuko mgongoni. Watoto wa benchi la nyuma wakaanza: Damari kawa kachanga! Damari atanyonya! Nimewasikia mwenyewe. Mama hasikii vizuri, alikuwa anacheza wimbo huku anatembea.

Nyumbani Damari hakulia. Aliuacha ugali ukapoa, halafu akasema sikukuu ya mavuno haendi. Ni tarehe ishirini. Mwaka mzima anaisubiri, watoto wanapeleka mavuno yao mbele ya madhabahu. Nikamwambia utaenda. Akafikiri. Akasema, "Naenda, ila sibebwi. Mchele wangu utapelekwa na lori langu."

Mama mkwe: "Kanisani ndiyo pa kuchezea magari?"

Nikampigia mwalimu Evarista wa Sunday school. Alicheka sana. Kasema punda aliingia Yerusalemu, sembuse kilori. Basi ruhusa ipo. Kilori ndicho kibovu.

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia Anord kuhusu hili joto, kaniambia nirekodi vidio ya kila kitu tunachofanya tangu asubuhi, nisimchagulie. Nimerekodi.

Asubuhi kama kawaida. Baridi ya hapa kwetu Ipogolo, pumzi inaonekana. Shedrack alimfundisha mwanae kwa simu: lori huliondoi hivihivi asubuhi ya baridi, lipashe kwanza. Hivyo ndivyo wanavyofanya yeye na bibi yake. Mama mkwe analiinua juu, Damari anabonyeza mafuta, matairi yanazunguka hewani. Mama anagusa tumbo la lori kwa kiganja kama anapima homa. "Bado." Wanaendelea. "Bado kidogo." Halafu: "Haya, limeiva." Ndipo linawekwa chini na kupakiwa mzigo.

Na mimi niliona sawa! Mke wa dereva. Nimesikia malori yakinguruma alfajiri hapa barabarani miaka yote, sijawahi kujiuliza.

Nimemtumia Anord vidio, nikampigia, simu inakoroma tu. Nikadhani mtandao unasumbua. Kumbe anacheka.

"Shem, mnalipika."

Kasema hili si dizeli. Mota ya umeme haihitaji kupashwa, baridi ndiyo rafiki yake. Sisi tunaianzisha ikiwa tayari imechoka kwa joto, halafu ndiyo tunaitwisha mzigo.

Mama akaninyang'anya simu. "We Anord! Kaka yako ana leseni ya malori makubwa. Wewe una nini?"

"Mama, mimi nina mota tano nilizounguza mwenyewe."

Mama akarudisha simu. Akasema huyu mtoto toka zamani mjeuri. Lakini jioni lori halikupashwa.

Ijumaa, 11 Julai

Limetembea mara mbili ya juzi kabla ya kunuka. Kwa hiyo kupasha kulikuwa tatizo, lakini si tatizo lote.

Nimelifungua, Anord anaelekeza kwenye simu, Philbert anavuta waya. Nimekuta mambo. Mhimili wa nyuma umejisokota nyuzi za mkeka, nywele (zangu, zinakatika tangu nijifungue) na uzi wa sweta. Imekaza kama kamba ya mzigo. Nimekata kwa wembe taratibu. Tairi sasa ukilisukuma kwa kidole linazunguka lenyewe.

La pili, mfuko wa nailoni. Mama mkwe aliizungushia mota nailoni ili vumbi lisiingie. Kaifunga vizuri sana, na uzi. Nimeutoa. Halafu nimetoboa bodi, madirisha yote na nyuma ya kichwa, hewa ipite. Damari alishika kichwa: "Mama, umelitoa macho!" Nikamwambia linapumua sasa. Akakubali.

Sheria nimezitaja mbele ya wote. Likifanya safari chache linapumzika mpaka lipoe. Kidole kikishindwa kukaa kwenye mota, ni kusimama, hakuna kuomba. Hakuna kulimwagia maji likiwa la moto — bibi alikuwa na wazo hilo. Na likikwama, unaachia. Anord karudia hili la mwisho mara nyingi: mota iliyozuiwa kuzunguka huku inapewa umeme inaungua haraka kuliko inayokimbia.

Damari anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo. Naijua hiyo ndiyo yake.

Jumatatu, 14 Julai

Jana Anord kakiri jambo. Alipolinunua aliweka giya kubwa kwenye mota, likimbie. Watoto wa Mbeya wanapenda spidi. Giya kubwa mota inabeba kama mtu anayepanda mlima na baiskeli ya giya nzito. Kwa mzigo tunataka ndogo. Kaituma na basi. Nimeipokea hapa stendi mtoto mgongoni, konda ananiuliza, "Dada, kifurushi chenyewe hiki? Nilidhani kidonge!"

Nimeifunga. Ikasaga meno, kelele kama kinu cha kukoboa. Nimeisogeza karibu mno. Damari akaniambia nifanye alivyosema baba mdogo, niweke kipande cha karatasi katikati ya meno ya giya mbili, nikaze skrubu, halafu nichomoe karatasi. Nafasi inayobaki ndiyo sahihi. Nilikuwa nimesahau. Sasa linaenda kimya, polepole. Na mota — kidole kinakaa!

Jumanne asubuhi, naongeza: nililala na soksi zangu na skrubu moja mfukoni. Nimeiona sasa hivi. Sijui ni ya wapi. Linatembea hata hivyo.

Jumatano, 16 Julai

Ugomvi wa mchele.

Damari anataka kisado kizima, kile kindoo cha kupimia sokoni, kwa sababu watoto wenzake wanaleta kisado. Nimepakia, nimejaribu uani. Lori linaenda lakini matako yamekaa chini, na mota inakuwa ya moto kabla halijafika kwenye karo la kuoshea vyombo. Nikasema nusu.

"Watacheka."

"Nusu."

"Mungu anaona ni nusu."

"Mungu ameona na mguu. Nusu, Damari."

Akageukia ukutani. Anageuka kwa shida na ile plasta, inabidi nimsaidie kunigeuzia mgongo. Nimemsaidia. Nimekaa naye pale namkuna unyayo kwa kijiti cha ufagio, ndani ya plasta panawasha. Baada ya muda akasema nusu sawa, lakini mchele uwe ule mweupe wa Madibira, si wa dukani. Nimesema sawa.

Mama mkwe alikuwa anatusikiliza. Kasema kwa sauti ya chini kwamba mgongo wake haujamwambia mtu umechoka. Nilitaka kumwambia si mgongo. Mchana nimempelekea chai yenye maziwa mengi, anavyopenda. Amekunywa.

Ijumaa, 18 Julai

Philbert ana mafua. Shedrack yuko Makambako, mzigo umezuiliwa mizani, Jumapili hafiki. Lori la Damari ni zima. Naandika hivi tu.

Jumamosi, 19 Julai

Mazoezi kanisani. Naandika nikiwa nimekaa hapahapa nje, kwenye ngazi, Damari yuko ndani na Evarista.

Tulikuja na bajaji, yeye kalazwa nyuma. Tukamkalisha mwisho wa benchi, mguu umenyooshwa kwenye stuli. Watoto wote wamekuja, hata wale waliocheka. Kapeti la katikati ni nene kuliko nilivyokumbuka. Lori likaenda. Polepole, mchele umefungwa kwa leso. Watoto wanatembea kando kama polisi wa msafara. Nilipima kwa kidole katikati ya kanisa, moto kiasi, tukalipumzisha. Likaendelea.

Mbele kuna ngazi moja ya kupandia madhabahuni. Seremala katuwekea ubao. Pale kapeti linapokutana na ubao pana ukingo. Tairi la mbele likaegemea kwenye ukingo. Likakwama.

Watoto: "Kaza! Damari kaza! Ongeza moto!"

Mimi: "Achia!"

Nimesema mara moja, nimesema mara ya pili. Kidole chake hakikutoka. Lori likatetemeka, mchele ukatikisika, halafu moshi. Mwembamba, mweupe, umetoka kwenye yale madirisha niliyotoboa. Harufu imejaa kanisa. Watoto wakarudi nyuma wote.

Nilienda nikaichukua rimoti mkononi mwake. Nikamwambia nilikwambia achia na hukuachia, mota imekufa kwa ajili hiyo. Sikupandisha sauti. Akanitazama.

"Lilikuwa linataka kupanda, mama."

Mama mkwe kutoka benchi la pili: "Haya yameisha. Kesho nitambeba mjukuu wangu."

"Sibebwi," Damari kasema. Si kwa kiburi. Kama mtu anayetaja jina lake.

Evarista kaniita pembeni. Anaweza kusogeza sadaka ya watoto mpaka baada ya mahubiri, mwinjilisti akikubali, na kwaya ni nne, muda utapatikana. Seremala anarudi jioni kuchonga ukingo wa ubao uwe wa mteremko. Anord yuko bandani, hajafunga. Kuna basi linatoka Mbeya alfajiri, linapita Ipogolo ibada ikiwa inaendelea kama halijaharibika njiani. Mama katoa kitenge kipya kwenye mkoba, kakikunja vizuri, kakiweka kwenye benchi karibu na Damari. Mimi nimetoka nje na simu.

Ujumbe niliomtumia Anord, naunakili hapa nisisahau cha kudai kwa konda:

Shem, usikose hilo basi la kwanza, mpe konda mkononi, mwambie Mama Damari atakuwa barabarani Ipogolo na mtoto mgongoni. Naomba giya ndogo kama ile ya Jumatatu, hii imeng'ang'ania kwenye mota iliyokufa haitoki. Skrubu yake ya kukazia. Ile spana nyembamba iliyopinda, yangu imeisha pembe. Kile kikoti cha bati chenye mapezi cha kuvalisha mota itoe joto, ulisema unacho. Waya zenye vichwa tayari, sina pa kulehemu Jumapili. Betri ninayo, usitume.

Na mota mbili. Usiniambie moja inatosha. Hujamwona akishika rimoti.