Jumamosi ya Bibi Walburga

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mbinga ikitafuta mfalme wataniomba mimi – na nitakataa, cheo kidogo! Huu mtaa wa kilimani nimeujaza kwa mdomo wangu. Wazee wa kahawa wakifariki, watoto wao wako Dar, wananipigia: Pankras, tafuta mpangaji. Nawaletea watu wa makaa ya mawe, mainjinia, wenye magari marefu kama misa ya Pasaka. Kodi imepanda mpaka nikiitaja nakohoa. Sekondari niliiacha njiani, lakini dalali kama mimi hayupo.

Wa zamani kabaki Bibi Walburga tu. Marehemu mumewe alinunua kahawa, gari lao lilikuwa la kwanza mtaa mzima. Leo nyumba yao ndiyo ya kimaskini kuliko zote. Nimempelekea kuni. Shikamoo Bibi. Marahaba mume wangu, umechelewa, nimeshaposwa na mwingine! Nampenda huyu bibi, basi tu.

Jumatano, 5 Juni

Mambo mabaya. Mzee Joakim, mwenyekiti wa kanda kule parokiani, kaja kwa Bibi. Jumuiya ya mtaa, ile ya kusali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, eti imebaki na Bibi na viti vyake. Jumamosi hii zamu ni yake. Wasipokuja watu inavunjwa, yeye ahamie ya kule sokoni. Bondeni, na magoti yale!

Bibi hakulia. Kauliza tu: nikifa, nani atakuja kuniimbia?

Binti yake Hilda kapiga simu toka Songea. Kama ndiyo hivyo, Jumapili anakuja kumchukua mama, nyumba iuzwe. Dalali nani? Mimi! Mbona sikufurahi.

Nikamwambia: Bibi, wewe pika. Nitajaza watu mpaka wengine wakae dirishani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegonga mageti yote. La kwanza kaitika mbwa. La pili mlinzi: bosi hayupo (namwona bosi anakunywa chai!). La tatu mke wa injinia kachungulia: samahani kijana, sisi Walutheri. Kijana! Nyumba hiyo nimemtafutia mimi.

Nikaenda dukani kwa Nurdini. Kacheka mpaka kakaa juu ya gunia. We Pankras, unawaita watu kusali? Waite kula!

Wazo zuri. Hata mimi nilikuwa karibu kulifikia.

Ijumaa, 7 Juni

Lituhi kule ziwani na kurudi, na pikipiki. Nimeleta samaki, mbasa wanono! Baridi ya huku juu – pua niliiacha njiani. Nimepita mageti tena: kesho bethdei ya Bibi Walburga, karibuni samaki wa ziwani. Mageti yamefunguka yenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumba imejaa!!! Walinzi, madada wa kazi, mke wa injinia na keki, Nurdini na wanawe wote. Mzee Joakim kaingia, kashika fremu ya mlango. Bibi kaanzisha rozari kwa sauti ya msichana. Nurdini kaitika Amina kuliko Wakatoliki. Mke wa injinia kaninong'oneza: bethdei inaanza saa ngapi? Nikamwambia hii ndiyo desturi yetu Wamatengo. Bibi naye: mume wangu, keki ya nini? Ya jumuiya, Bibi.

Mzee Joakim kasimama: jumuiya ipo, haivunjwi. Vigelegele! Bibi kanikumbatia, ananukia moshi na kitunguu. Mimi ni nani? Niambieni!

Jumapili, 9 Juni

Hilda kaja na gari. Bibi kamrudisha. Kasimama wima barazani: mimi siendi popote, nina watu wangu. Hilda kanishika mikono yote miwili – asante kaka Pankras, sasa nitalala usingizi, mama ana majirani. Nikasema usijali dada. Gari likashuka.

Halafu Bibi: mume wangu, Jumamosi ijayo zamu ya nani? Ya yule mama wa keki?

Nikasema ngoja nikaulize. Nimeenda mpaka getini kwake. Sikugonga. Niko nyuma ya banda la kuni la Bibi, naandika. Bibi anafuta viti, anaimba, anajiuliza abebe vingapi kwa mama wa keki. Sasa ananiita. Kaita tena.

Nimemdanganya Bibi. Hana mtu huku juu, na gari limeshaondoka.