Mabango Mawili Sokoni

Jumamosi, Buffalo, Marekani. Theluji inaanguka tangu alfajiri, na leo sina zamu kule ghalani. Nimekaa dirishani na chai yangu, nimejaa mawazo ya nyumbani.

Ni binti yangu aliyenichokoza. Ana kazi ya shule kuhusu Japani na Uchina, jinsi zinavyogombania urafiki wa nchi ndogo za Asia. Huyu akijenga bandari, yule analeta reli. Waziri wa huku akiondoka, wa kule anatua. Alinisomea kwa Kiingereza, nami nikacheka peke yangu.

Mbona hayo niliyaona kwetu, milimani Kivu ya Kusini!

Wachina walikuja kuchonga barabara, wakasimamisha bango sokoni lenye bendera yao. Haukupita muda, Wajapani wakaleta mabomba ya maji, na bango lao likawa kubwa zaidi. Wachina wakarudi na kubwa kuliko hilo. Sisi watoto tuliyapenda yote mawili kwa sababu yalikuwa na kivuli. Mama aliwakaribisha wote kwa maziwa, kibuyu kilekile, tabasamu lilelile. Mpaka leo nakumbuka yale maziwa yalivyonukia moshi.

Sasa mama naye yuko huku Marekani, anaishi Columbus kwa mdogo wetu, ambaye ameanza kazi za usiku. Hatutaki mama alale peke yake. Kaka yangu wa Louisville anamtaka kwake, mimi namtaka kwangu. Kaka alimnunulia televisheni pana kama mlango, nikatuma koti zito. Akatuma kiti cha kuegemea. Mimi nina blanketi hapa, limeshafungwa, linasubiri posta.

Mchana nilimpigia mama, nikamkumbusha yale mabango. Alicheka mpaka akakohoa.

“Barabara yao tulipita, maji yao tulikunywa, tulishukuru bote,” akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu. “Lakini hakuna mwenye alikaa na sisi. Bon, mi nabakia hapa Columbus. Mama mumoja wa kanisa atakuya kulala na mimi. Mwenye ananipenda, akuye tuikale pamoja.”

Nililia baada ya kukata simu. Lile koti sijawahi kumwona nalo, kwa sababu sijaenda.

Blanketi nimelifungua, nitajifunika mwenyewe. Kesho nitampigia kaka kabla hajanunua kingine. Columbus iko katikati yetu. Aendeshe kutoka kule, mimi kutoka huku, tufike siku moja, mikono mitupu.

Je, nitaweza kuingia kwa mama mikono mitupu, bila kuchungulia kwanza kama kaka kabeba kitu?