Sarafu Ambayo Babu Hakuiuza

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na mgongo unaendeleaje? Kusimama kutwa nzima juu ya vichwa vya watu si mchezo, na najua wateja wako wa kunyoa hawana huruma. Sisi huku wazima, ila nyumba bila Mama imepwaya. Bado nakaribia kumwita nimuulize mkasi kauweka wapi.

Nina jambo. Unaikumbuka sarafu ya fedha ya Babu, yenye kichwa cha mfalme mwenye ndevu? Mama ameniachia mimi. Majuzi mzee mmoja anayekusanya vitu vya kale aliniletea viti vyake nivivishe vitambaa vipya, akaiona, macho yakamtoka. Anataka kuinunua, atarudi mwisho wa Mei. Mjomba, hela yake ingenipatia kile chumba cha jirani. Karakana yangu imejaa mpaka makochi ya watu yanalala barazani, mvua ikinyesha nakimbia nayo kama kuku na vifaranga.

Lakini sitaki kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Huko kwenu kuna makumbusho na wataalamu. Wifi yangu anasafiri kuja huko, nimempa akukabidhi mkononi. Nipelekee ipimwe.

Mpwa wako akupendaye

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama kawaida yake. Pole tena kwa msiba wetu.

Sarafu ilinifikia salama. Nilifunga kibanda nikaenda makumbusho. Mtunza sarafu ni mama mmoja mwenye mvi, mpole, mikono yake haina haraka. Aliiweka kwenye mizani. Akaizungusha chini ya lenzi, akaniita nione. Ukingoni kuna mstari mwembamba kama mshono wa suruali.

"Hapa ndipo nusu mbili za kalibu ya kumiminia zilipokutana," akasema. "Sarafu halisi hugongwa kwa muhuri wa chuma. Hii ilimiminwa ikiwa uji."

Akanionyesha na vipele kwenye shavu la mfalme, alama za mapovu ya hewa. Ndani ni madini ya risasi na bati, juu imevalishwa ngozi ya fedha.

"Kwa hiyo ni ya juzijuzi?" nikauliza.

"Hapana. Hii imezeekea mifukoni. Ilitengenezwa enzi zile zile sarafu zenyewe zilipokuwa zikitumika sokoni, ili mtu fulani alizwe."

Nilimwomba aipime tena. Akaipima tena. Ni bandia, mwanangu. Najua si habari uliyoitaka. Nimemrudishia wifi yako.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Sarafu imefika. Sitakuficha, sijalala vizuri tangu nisome barua yako. Ilitoka hapa halisi, imerudi bandia. Yule mkusanyaji ameshika sarafu maisha yake yote, na hii aliishika mara mbili, akaiamini. Mama aliwahi kuniambia kwamba Babu alipompa yeye badala yako, uliondoka nyumbani bila kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nijibu jambo moja tu. Niliyokutumia ndiyo uliyonirudishia?

Binti wa dada yako

30 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na ukiipokea nitashukuru. Hujanijibu, wala sikulaumu.

Nikuambie nilichokifanya. Mama alizoea kunisimulia kwamba nikiwa na meno ya utoto niliichomoa sarafu kwenye kitambaa chake nikaing'ata, nikachapwa. Alama ya jino ilibaki nyuma, chini ya ngao iliyochorwa upande huo. Basi wiki iliyopita nikaichukua hadi mlangoni penye mwanga, niitafute. Nilitaka nisiione, Mjomba. Nilishapanga hata maneno ya kukuandikia.

Ipo. Shimo dogo, dogo kabisa, la jino langu.

Nikakaa chini juu ya sponji za makochi. Halafu ndipo akili ikanijia: jino la mtoto linaingiaje kwenye fedha? Nikavua pete yangu ya fedha nikaing'ata kwa meno haya ya mtu mzima mpaka fizi zikauma. Haikushika hata mkwaruzo. Yaani ushahidi nilioutafuta wa kukuaibisha ndio ulioniaibisha mimi, na ndio uliothibitisha maneno ya yule mama wa makumbusho. Nimekukosea. Nisamehe.

Sasa nina mtihani mwingine. Mkusanyaji anakuja. Yeye hajui, na anaiamini. Nikinyamaza tu, chumba ni changu. Mjomba, nifanyeje?

Mpwa wako mwenye aibu

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba kwa moyo mmoja. Damu ni damu. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, kweli, lakini pia kuna kitu kilikuwa kimenikaa kooni tangu makumbusho.

Mwaka ambao Baba aliumia mkono akashindwa kushona, mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Ada ikakosekana. Nikamwendea: "Baba, si tuuze ile sarafu?" Akasema, "Hiyo haiuzwi." Kisha akauza cherehani. Cherehani! Fundi auze mkono wake wa kulia abakize kipande cha fedha? Na haikutosha. Nikatoka shule, nikashika mkasi wa kinyozi. Toka hapo nilijua moyoni kwamba baba yangu alimpenda yule mfalme mwenye ndevu kuliko mimi. Alipompa mama yako, nikaona imetosha, nikaondoka. Hata kwenye mazishi yake nilisimama nyuma, kama jirani.

Sasa nageuza geuza mambo kichwani huku nanyoa, hadi juzi nimemkata mteja sikio. Baba hakuwa na cha kuuza. Alikuwa amelizwa siku nyingi, pengine alilipwa sarafu hiyo kwa suti aliyoishona usiku na mchana, na akajua. Angeiuza, mimi ningesomeshwa kwa machozi ya mtu mwingine. Mbona hakuniambia? Labda mzazi huona haya kumwambia mtoto kwamba alichezewa. Akampa dada yangu, ambaye hakuwahi kuuliza bei ya kitu chochote.

Sikuambii ufanyeje. Mimi sina haki. Ningekuwa wewe, na makochi yangu yanalowa, sijui ningefanya nini.

Mjomba wako

1 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sikio la mteja limepona?

Alikuja. Kavaa vizuri, kaja na kiboksi cha mahameli cha kuiwekea. Nikampa kiti, na kabla hajakaa sawasawa nikasema, "Mzee, sarafu ni bandia." Akacheka, akadhani napandisha bei. Nikamwonyesha mshono ukingoni, nikamwonyesha alama ya jino. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Kicheko kikakauka.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

"Mjomba wangu."

"Basi niuzie kwa nusu. Ninapoipeleka mimi, hakuna wa kuitazama ukingoni."

Mjomba, sikutegemea hilo. Nilijiandaa kumhurumia! Nikamwambia viti vyake viko tayari, achukue aende. Alipofika mlangoni akaniambia nitabaki barazani maisha yangu yote. Huenda. Chumba kimechukuliwa na muuza simu, ameshapaka rangi ya chungwa inayoumiza macho. Usiku ule nililia, nisikudanganye. Asubuhi nikashona kochi la watu watatu bila kusimama.

Lakini swali linanisumbua. Nikifa mimi, mwanangu ataikuta, na mtu mwingine mwenye kiboksi atakuja. Nataka kuitoboa. Nyundo ninayo, na msumari. Babu naye alikuwa na nyundo. Kwa nini hakuiharibu?

Mpwa wako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sikio limepona, mteja amehama.

Swali lako limenikalisha. Nakumbuka wageni walivyokuwa wakija kuomba kuiona. Baba alikuwa anajinyoosha kwanza, anafungua kitambaa polepole, na watu wanasogea. Mwenye duka, aliyekuwa akimwita "we fundi", siku hizo alimwita bwana. Nafikiri hakuwa na ubavu wa kuinua nyundo. Ukiwa huna kitu, ni vigumu kuponda kile kimoja ambacho watu wanadhani unacho. Hakumuuzia mtu uongo, ila aliuacha ukae sebuleni. Simlaumu. Nilimkasirikia kama jiwe, kumbe alikuwa mtu.

Itoboe. Usiogope kumkosea, unammalizia kazi. Tundu liwe kubwa, lipite katikati ya uso wa mfalme, ili hata mtu anayeishika kwa mara ya kwanza, hata kama macho yake hayaoni vizuri, kidole chake kijue.

Mjomba wako