Ukumbi Unapumzika

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyoni, wewe, shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Natumai kifua kilichokusumbua kimepoa na kwamba unapata usingizi, maana mtu mwenye cheo kama chako hulala na simu sikioni. Sisi huku hatujambo kiasi. Mimi goti linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi, na dada yetu yupo, anacheka, anagombana na redio kama kawaida yake.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa ule upole wako, useme umenielewa kabla sijafika katikati. Karatasi haikatizwi. Tena nina hasira, na hasira yangu unaijua: si ya kupiga meza, ni ya kueleza. Kwa hiyo kaa kitako.

Nianze na dada. Kuna jambo alilokuficha. Macho yake si ya uzee kama anavyokuambia. Ni presha ya macho, ugonjwa unaoua mshipa wa kuonea polepole, bila maumivu, ukianzia pembeni ukielekea katikati. Sasa hivi anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: kilicho mbele yake anakiona, cha kushoto na kulia kimezimika. Ugonjwa ulipogunduliwa ulikuwa umeshakwenda mbali. Dawa inaupunguza mwendo tu, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Alipoambiwa hayo hakulia. Aliniuliza kama goti langu bado linaweza kumpeleka kuuona Ukumbi wa Nguzo.

Wewe ulikuwa mdogo mno, pengine hukumbuki. Dada alipokuwa akipiga pasi nguo za watu, mimi nilikuwa nikimsomea kitabu changu cha historia kwa sauti, kwa kuwa yeye alikuwa ameachishwa shule ili sisi wawili tusome. Ukurasa aliokuwa akinirudisha kila mara ni ule wa Ukumbi: nguzo za mawe, na ukutani msafara wa watu wenye mizigo wakimfuata mfalme. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Alitaka kujua yule mwanamke wa mwisho amevaa nguo ya rangi gani. Kitabu hakikusema, na mimi niliyefundisha ukurasa ule mpaka nikastaafu, sikuwahi kumpeleka mwenye swali. Ndiyo hamu yake sasa, kuuona ukuta ule kwa macho yake kabla hayajazimika.

Utauliza kwa nini hatukulipa kama watu wengine. Kiingilio cha siku za kawaida mmekipandisha mpaka pensheni yangu ikikisikia inakohoa, na matone ya macho hayana siku ya bure. Lakini magofu ulimo Ukumbi huo yana Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambayo kila raia anaingia bila kulipa. Hiyo si sadaka. Yale mawe yanatunzwa kwa kodi, na kodi inakatwa hata kwenye sabuni aliyofulia dada. Basi tulifunga mkate na mayai ya kuchemsha, tukajaza chupa ya chai, tukatoka mapema sisi wawili na jirani yetu Fundi, yule mshona nguo aliyestaafu cherehani lakini mdomo wake haujastaafu.

Foleni ilikuwa ndefu, nayo ilikuwa ya furaha. Mabibi walivaa viatu vya kanisani, baba mmoja alikuwa na watoto wake watatu waliovaa soksi safi. Tuliuona ukuta wa nje, tukaliona birika la kuvunia maji ya mvua. Nilieleza jinsi walivyochanganya chokaa, mpaka Fundi akasema kwamba lau angekuwa mwanafunzi wangu, saa hizo angeshaomba ruhusa ya kwenda chooni na asingerudi. Dada alicheka hadi akanishika bega. Kisha tukafika mlango wa Ukumbi, tukakuta kamba, na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: UKUMBI UNAPUMZIKA.

Mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu. Alinieleza kwamba pumzi za watu zina unyevu, unyevu unaharibu rangi za kale, hivyo ukuta hupewa siku ya kupumzika. Nikamjibu kuwa hilo nalijua na ni kweli kabisa. Nikamuuliza hupumzika siku gani. Akasema Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nikamuuliza siku nyingine. Akatazama viatu vyake, akasema hakuna siku nyingine. Fundi akadakia, akitaka kujua kama wanaolipa wanapewa pumzi kavu pale pale kwenye dirisha la tiketi, na kama zinauzwa rejareja, apewe moja. Watu wakacheka. Mlinzi akaongeza, kama anayeomba radhi, kwamba kuna mtu aliwahi kukwangua jina lake ukutani. Nikamuuliza kama mtu huyo alikuja siku ya bure. Akasema hapana, alikuja na ziara ya shule iliyolipiwa. Hapo naye akacheka, kisha akakumbuka kazi yake, akaacha. Amri, alisema, imetoka kwa Mhifadhi Mkuu mwenyewe.

Mhifadhi Mkuu ni wewe.

Wiki ile ile nilikupigia, katibu wako akaniambia uko kikaoni, na jioni ukaniletea ujumbe kwamba twende siku yoyote tutakayo, tukitaja jina lako getini tutaingizwa. Sikatai, ulikuwa ujumbe wa ndugu. Nilimsomea dada. Akasema yeye si kifurushi cha kupitishwa mlango wa nyuma, na kwamba hawezi kuingia humo akamwacha Fundi kwenye kamba na chupa ya chai. Akasema tutarudi Jumapili ya kwanza nyingine, kwani kibao kinaweza kuondolewa. Alikuwa na hakika kwamba amri ile uliletewa mezani ukaitia sahihi bila kuisoma vizuri. Ndivyo anavyokutetea tangu ulipokuwa ukivunja vikombe.

Kuhusu unyevu, nikueleze kama mwenzako katika elimu. Siku za kulipa mnawaingiza watu wachache wachache, wanakaa kidogo, wanatoka, mlango unabaki wazi hewa ipite. Utaratibu huo huo unafaa Jumapili. Foleni ingekuwa ndefu zaidi, na watu wa bure ni hodari wa foleni. Kama ni lazima ukuta upumzike, upumzike Jumatatu moja, na wenye tiketi nao walione birika. Mwanafunzi wa darasa la saba angekupa jibu hilo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo dada amenikataza kukuambia. Nilimwahidi nitanyamaza, na ahadi hiyo naivunja hapa nikiwa na akili zangu timamu.

Jumapili iliyopita tulirudi. Kibao kilikuwa pale pale. Tulisimama kwenye kamba na wenzetu, dada mbele kabisa ili kibomba chake cha kuonea kielekee mlangoni, endapo ungefunguliwa. Ukafunguliwa. Ukatoka wewe, na wageni wako waliovaa suti, mkitokea ndani ya Ukumbi unaopumzika. Mgeni mmoja alikuuliza watu hawa wanasubiri nini. Ukakohoa kidogo kama ufanyavyo kabla ya kuhutubia, ukamjibu kwamba ni siku ya bure, na kwamba siku ya bure mnafunga kwa sababu watu wa bure hawaangalii, wanapita tu. Mkacheka. Ukatupungia mkono bila kutazama ni nani unayempungia, ukapita mbele ya dada yako karibu kiasi cha kusikia harufu ya wanga kwenye kola yako.

Fundi alifungua mdomo. Dada akamfinya mkono hadi akaumia. Mimi nilikuwa nimeshashika kamba niivuke, naye akanivuta kwa koti. Kisha akageuza uso, akajifunika kwa mtandio, akasimama hivyo mpaka hatua zenu zikapotea. Nilidhani analia. Nilipomuuliza akasema aliogopa usije ukamwona ukaaibika mbele ya wageni wako. Mlango ulikuwa bado wazi wakati ule, mdogo wangu. Mlinzi alikuwa anahangaika na kufuli. Dada alikuwa na nafasi ya kuangalia ndani, akaitumia kukuficha aibu.

Daktari ameahidi kwamba mwezi ujao dada bado ataona. Wa baada ya huo hakuuahidi. Jumapili ya kwanza tutakuwa kwenye foleni, sisi watatu, na jina lako halitatajwa getini. Usimtumie gari, usimtumie tiketi, usije kumwomba msamaha chumbani. Hicho si alichokikosa. Fungua mlango, kwake na kwa wote watakaokuwa nyuma yake. Ukiufunga, nitasimama kwenye kamba nimweleze kilichomo ndani, nguzo kwa nguzo, kwa sauti ya mtu aliyezoea madarasa makubwa. Na yeyote atakayeniuliza kwa nini dada huyu anaelezwa badala ya kuona, nitamweleza na hilo, kwa subira, mpaka aelewe.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Fundi amenipa maneno ya kukufikishia, lakini hayaandikiki. Dada hajui kama nimeandika, hivyo salamu zake si za barua hii, ni za kila siku: anauliza kama unakula, na kama kile kifua umekipeleka hospitali.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu